Kabla ya Kulipia Tiba ya Kukoroma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu anayekoroma mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba anakoroma, na akishaambiwa, jambo la kwanza analolifanya huwa ni kununua kitu: utepe wa kubandika puani, mto wenye umbo la ajabu, mkanda wa kufunga kidevu au dawa ya kupuliza kooni. Baada ya miezi kadhaa kabati limejaa vifaa, sauti ya usiku iko palepale, na fedha ambayo ingetosha kulipia kipimo imekwisha kidogo kidogo bila mwenyewe kutambua. Mwongozo huu umepangwa kinyume na mazoea hayo. Unaanza na uchunguzi, unafuata kipimo, ndipo unafika kwenye tiba na malipo, kwa sababu jibu la swali moja tu, yaani kama pumzi yako hukatika usingizini au haikatiki, ndilo linaloamua mambo mawili kwa pamoja: tiba ipi inakufaa na nani atailipia.

Hatua ya kwanza: Fahamu sauti inatoka wapi

Usingizi unapozama, misuli ya koo hulegea. Sehemu ya njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa haina mfupa wala gegedu la kuishikilia wazi, tofauti na bomba la hewa linaloshuka kifuani, kwa hiyo hutegemea misuli hiyo peke yake. Misuli ikilegea, njia husinyaa, hewa hulazimika kupita kwa kasi katika upenyo mwembamba, na nyama laini zilizo pembeni hupigapiga kama kitambaa kwenye upepo. Zinazotikisika zaidi ni kaakaa laini na kimio, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ingawa shina la ulimi na kuta za koo nazo huchangia.

Kinachobana njia hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Wengine wana mafuta yaliyojikusanya shingoni. Wengine wana pua iliyoziba kwa mzio au kwa ukuta wa katikati uliopinda. Wengine wana tezi kubwa za koo, au taya ya chini iliyorudi nyuma kiasi cha kuusukuma ulimi kooni. Pombe na dawa za usingizi huilegeza misuli kupita kawaida, na kulala chali huufanya ulimi udondoke nyuma kwa uzito wake wenyewe. Umri, ujauzito na kukoma kwa hedhi navyo vina sehemu yao. Ni vyema kuyajua haya mapema, kwa kuwa kila kifaa kinachouzwa hulenga sehemu moja tu ya njia ya hewa: utepe wa pua hauwezi kumsaidia mtu ambaye tatizo lake liko kwenye shina la ulimi, hata uwe wa bei gani.

Hatua ya pili: Kusanya ushahidi kwa wiki mbili

Tenga daftari, na kwa usiku kumi na nne andika saa uliyolala, ulilala ubavu au chali, ulikunywa pombe au hukunywa, na kama pua ilikuwa wazi. Asubuhi andika kama umeamka na kichwa kinachouma, kinywa kikavu au uchovu, na umeamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Iache simu ikirekodi sauti karibu na kitanda. Programu za simu zinazohesabu mikoromo zinafaa kwa kazi hiyo ya kurekodi na kulinganisha usiku mmoja na mwingine, lakini haziwezi kukuambia kama una ugonjwa.

Shahidi bora kuliko simu ni mtu anayelala chumba kimoja nawe. Mwombe asikilize jambo moja mahususi: je, sauti huendelea mfululizo, au hukatika ghafla, kukawa kimya kwa muda, kisha ukashtuka kwa kukoroma kwa nguvu kama mtu aliyepaliwa? Ukimya huo ndio unaotisha zaidi ya kelele.

Ongeza vipimo viwili vya karatasi ambavyo madaktari wanavitambua. Cha kwanza ni kipimo cha usingizi wa mchana cha Epworth, kilichotungwa mwaka 1991 na daktari Murray Johns wa Australia, ambacho hukuuliza uwezekano wa kusinzia katika hali nane za kawaida, kama vile kusoma au kukaa ndani ya gari kama abiria, na kila hali hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikizidi 10, usingizi wako wa mchana si wa kawaida. Cha pili huitwa STOP-Bang, nacho kina maswali manane ya ndiyo au hapana: kukoroma kwa sauti kubwa, uchovu, kuonekana ukikatika pumzi, shinikizo la damu, uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo zako ukizigawanya kwa mraba wa urefu kwa mita) unaozidi 35, umri unaozidi miaka 50, shingo yenye mzunguko unaozidi sentimita 40, na kuwa mwanamume. Majibu ya ndiyo matano au zaidi yanaashiria hatari kubwa ya kukatika kwa pumzi usingizini.

Wapo wanaoona haya kumweleza daktari jambo linalochekwa nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hii haijatiwa chumvi hapa: mtu anayesinzia akiendesha gari, mwenye shinikizo la damu lisilotulia kwa dawa, mwenye moyo unaopiga bila mpangilio au aliyewahi kupata kiharusi hapaswi kumaliza hizo wiki mbili za daftari. Aende kwa daktari sasa. Vivyo hivyo kwa mjamzito aliyeanza kukoroma huku shinikizo lake la damu likipanda.

Hatua ya tatu: Jaribu yasiyo na gharama, kwa muda uliowekewa mwisho

Kwa asiye na dalili hizo za hatari, wiki nne hadi sita za mabadiliko ya kawaida zinatosha kuonyesha kama kuna nafuu. Lala ubavu, mbinu ya zamani ya kushona mpira mdogo mgongoni mwa nguo ya kulalia bado inafanya kazi, ingawa wengi huichoka. Inua upande wa kichwani wa kitanda badala ya kurundika mito, ambayo huikunja shingo na kuibana njia ya hewa zaidi. Acha pombe saa tatu au nne kabla ya kulala, na muulize daktari kuhusu dawa yoyote ya usingizi unayotumia kabla ya kuiacha. Safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si maji ya bomba yasiyochemshwa. Kuziba mdomo kwa utepe wakati wa kulala, mtindo ulioenea mitandaoni, sikushauri kabla hujajua hali ya pua yako na pumzi yako.

Uzito unastahili kutajwa kwa namba. Utafiti uliofanyika Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa ongezeko la uzito la asilimia 10 liliambatana na ongezeko la takribani asilimia 32 la idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au kupungua kwa saa, na upungufu wa asilimia 10 uliambatana na kupungua kwa asilimia 26 hivi. Ni nafuu kubwa, lakini si ponyo kamili kwa kila mtu, na wapo wembamba wanaokoroma sana.

Mazoezi ya ulimi na koo nayo yana ushahidi kiasi. Utafiti wa Brazil wa mwaka 2009 ulipata nafuu kwa wagonjwa ambao pumzi yao hukatika usingizini kwa kiwango cha kati, waliofanya mazoezi kwa miezi mitatu. Miaka mitatu kabla yake, watafiti wa Uswisi waliwafundisha wagonjwa kupuliza didgeridoo, lile zumari refu la wenyeji wa Australia, na baada ya miezi minne usingizi wao wa mchana ulikuwa umepungua. Majirani zao hawakuulizwa maoni.

Hatua ya nne: Pimwa kabla ya kununua

Daktari wa kwanza kumwona ni wa kawaida, ambaye atakagua pua, kinywa, shingo na shinikizo la damu, kisha akuelekeze kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo au kwa kliniki ya usingizi. Mpelekee daftari, rekodi ya sauti na alama za vipimo vya karatasi. Barua ya rufaa inayotaja dalili hizo kwa maandishi ndiyo karatasi ya kwanza katika faili la bima, kwa hiyo omba nakala.

Kipimo chenyewe kina aina mbili. Cha kwanza hufanyika hospitalini, ambako unalala usiku mzima ukiwa umeunganishwa na nyaya zinazopima mawimbi ya ubongo, mapigo ya moyo, mwendo wa kifua, hewa inayopita puani na kiwango cha oksijeni. Cha pili hufanyika nyumbani kwa kifaa kidogo chenye vipimo vichache zaidi. Cha nyumbani ni nafuu sana, na kwa mtu mzima mwenye dalili za wazi na asiye na ugonjwa mzito wa moyo au mapafu kinatosha. Upungufu wake ni kwamba hakipimi ubongo, hivyo hakijui ulilala saa ngapi hasa, na huweza kuonyesha tatizo dogo kuliko lilivyo. Ikiwa jibu la nyumbani ni zuri lakini dalili zako ni nzito, usilikubali kuwa la mwisho. Dai kipimo cha hospitali.

Katika ripoti tafuta herufi AHI. Hiyo ni idadi ya mara kwa saa ambazo pumzi ilikatika kabisa au ilipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, chini ya 5 huhesabiwa kuwa kawaida, 5 hadi chini ya 15 ni tatizo dogo, 15 hadi chini ya 30 ni la kati, na 30 kwenda juu ni kali. Angalia pia oksijeni ilishuka hadi kiwango gani, na kama tatizo lilijitokeza zaidi ulipolala chali. Kwa watoto vipimo ni tofauti kabisa: hata pumzi ikikatika mara moja tu kwa saa haihesabiwi kuwa kawaida, na mtoto anayekoroma karibu kila usiku apelekwe kwa daktari, kwani mara nyingi chanzo ni tezi za koo na zile za nyuma ya pua, ambazo huondolewa kwa upasuaji unaofahamika vyema.

Hatua ya tano: Linganisha tiba na jibu la kipimo

Ikiwa pumzi yako haikatiki, una mkoromo mtupu. Huo ni kero, na ndoa nyingi zimehamia vyumba viwili kwa sababu yake, lakini haukulazimishi kuharakisha. Tibu pua kwanza kama imeziba, kwa dawa ya kupuliza yenye steroidi ikiwa ni mzio. Baada ya hapo chaguo lenye ushahidi mzuri ni kifaa cha kinywani kinachoivuta taya ya chini mbele kidogo, nayo taya huuvuta ulimi. Kuna jaribio dogo la kufanya mbele ya kioo, ingawa si kipimo cha kitabibu: igiza sauti ya kukoroma, kisha sogeza taya ya chini mbele na ujaribu tena. Sauti ikififia, kifaa hicho kina nafasi ya kukufaa.

Vifaa vya taya viko vya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko matangazo yanavyokiri. Kile cha dukani hulainishwa kwa maji ya moto kikang'atwa kichukue umbo la meno; ni cha bei ndogo, lakini hukaa vibaya, huchakaa upesi na huweza kuumiza kiungo cha taya. Kile kinachotengenezwa na daktari wa meno hupimwa kwa meno yako na husogezwa taratibu kwa wiki kadhaa hadi sauti ikome. Kinahitaji meno ya kutosha na imara. Kwa muda mrefu huweza kusogeza meno, na ndiyo maana mtumiaji hupaswa kurudi kukaguliwa. Kama bajeti ni finyu, mimi ningetumia kile cha dukani kama jaribio la wiki chache tu, kujua kama taya ndiyo njia, kabla ya kuagiza cha daktari.

Ikiwa pumzi hukatika kwa kiwango cha kati au kikali, tiba ya kwanza ni mashine ya CPAP, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney. Hupuliza hewa yenye shinikizo dogo kupitia kinyago cha puani au usoni, na shinikizo hilo huishikilia njia wazi kama nguzo ya hewa. Hufanya kazi usiku wa kwanza, na mkoromo huisha. Shida yake ni uvumilivu: kinyago kisichokaa vizuri huvuja, hukausha pua na huacha alama usoni, na wengi huiacha mashine si kwa sababu imeshindwa bali kwa sababu ya kinyago kibaya. Kabla ya kulipa, uliza kama muuzaji atakubadilishia kinyago katika mwezi wa kwanza bila malipo. Swali hilo lina thamani kuliko kuulizia modeli mpya. Kwa tatizo dogo au la kati, au kwa aliyeshindwa mashine, kifaa cha taya cha daktari wa meno ni mbadala unaokubalika.

Upasuaji ndipo penye majuto mengi zaidi. Kunyoosha ukuta wa pua uliopinda huifungua pua na kukifanya kinyago kivumilike, lakini mara nyingi peke yake hakuondoi mkoromo. Kukata sehemu ya kaakaa na kimio huuma kwa wiki mbili hivi, na nafuu yake huweza kupotea miaka inavyopita, hasa uzito ukiongezeka. Kukaza kaakaa kwa joto la mawimbi ya redio au kwa vijiti vidogo vinavyopandikizwa ni kwepesi zaidi, na hufaa mkoromo mtupu unaotoka kwenye kaakaa tu. Hatari kubwa ya operesheni hizi ni kwamba zinaweza kunyamazisha sauti na kuuacha ugonjwa: mtu aliyekatika pumzi kwa kelele anaendelea kukatika kimyakimya, bila mtu wa kumshtua. Ndiyo maana upasuaji wa mkoromo bila kipimo cha usingizi haukubaliki, na daktari anayekuahidi hivyo mpishe.

Njia mbili mpya zaidi zinafaa kutajwa kwa kifupi. Kifaa kinachopandikizwa kifuani na kuuchochea mshipa wa fahamu wa ulimi kiliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa watu walioshindwa CPAP. Bei yake ni kubwa, na kabla ya kupandikizwa daktari huchunguza koo kwa kamera ukiwa umelazwa kwa dawa. Desemba 2024 nchi hiyohiyo iliidhinisha tirzepatide, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, kwa watu wazima wenye unene uliokithiri na kukatika kwa pumzi kwa kiwango cha kati au kikali. Hakuna kati ya hizi iliyokusudiwa mkoromo mtupu.

Hatua ya sita: Soma mkataba wa bima kwa jicho la mlipaji

Bima nyingi hulipia ugonjwa, hazilipii kelele. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la ICD-10, kukatika kwa pumzi usingizini kuna msimbo wake, G47.3, miongoni mwa maradhi ya mfumo wa fahamu, ilhali kukoroma kumewekwa katika sura ya R, pamoja na dalili ambazo hazijawa ugonjwa. Fomu yenye neno «kukoroma» peke yake hukataliwa mara nyingi, na yenye jina la ugonjwa, namba ya AHI na dalili za mchana hupita. Hili si shauri la kudanganya. Ni shauri la kumwomba daktari aandike kila alichokiona, kwa sababu madaktari wenye haraka huandika neno moja wakakuachia gharama yote.

Kabla ya kipimo, piga simu au andika kwa bima yako na uulize mambo haya: kipimo cha usingizi kinalipiwa cha nyumbani, cha hospitali au vyote, je, panahitajika kibali cha awali, AHI ya kiwango gani inahitajika ili mashine ilipiwe, mashine hukodishwa au hununuliwa, vinyago na vichujio hubadilishwa kila baada ya muda gani, na kiasi gani utajilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Jibu la mdomo halitoshi. Omba liandikwe, na weka jina la mhudumu na tarehe.

Ili uone masharti haya yanavyofanana na mtihani, chukua mfano wa Medicare, bima ya umma ya wazee wa Marekani. Hulipia CPAP kwa mwenye AHI ya 15 au zaidi, au 5 hadi 14 akiwa na dalili au maradhi yanayohusiana kama shinikizo la damu. Hukodisha mashine kwa miezi 13 kabla ya kuwa mali ya mgonjwa. Na hutaka mgonjwa athibitishe kuwa ameitumia angalau saa 4 kwa usiku katika asilimia 70 ya usiku ndani ya siku 30 mfululizo, katika miezi mitatu ya mwanzo. Mashine yenyewe ndiyo inayotunza kumbukumbu hiyo. Bima nyingine zina viwango vyao, ila wazo la kupima matumizi limeenea, kwa hiyo ukipata shida na kinyago wiki ya kwanza, lalamika wiki hiyohiyo, kwani kuivua mashine kimya ni kupoteza malipo.

Kifaa cha taya kina mtego wake. Hutengenezwa na daktari wa meno, basi bima ya matibabu husema ni suala la meno, na bima ya meno husema ni suala la usingizi. Kinachovunja mzunguko huo ni barua ya daktari aliyekupima, inayosema kifaa ni tiba ya kukatika kwa pumzi, na dai kupelekwa kwenye bima ya matibabu. Upasuaji wa pua na wa tezi nao huwa na nafasi nzuri zaidi ya kulipiwa ukiandikwa kwa sababu zake wenyewe, yaani kuziba kwa pua au maambukizi ya mara kwa mara, kama kweli zipo.

Hatua ya saba: Piga hesabu ya miaka mitano

Usilinganishe bei za siku ya kwanza. Chora safu kwa kila tiba, uandike bei ya kuanzia, vitu vinavyochakaa, ziara za daktari na muda wa kudumu. CPAP ina mto wa kinyago, bomba, vichujio na tangi la maji, ambavyo vyote hubadilishwa, pamoja na umeme kidogo na pengine betri ya akiba. Kifaa cha taya hudumu miaka michache na kinahitaji marekebisho. Upasuaji una gharama ya dawa ya usingizi, kitanda, na siku za kazi utakazozikosa, na huenda ukarudiwa. Ukigawanya jumla kwa idadi ya usiku, mara nyingi utaona tiba iliyoonekana ghali ndiyo nafuu, na vile vifaa vidogo vya kila mwezi ndivyo vilivyokula fedha.

Hatua ya nane: Ukikataliwa, au ukiwa huna bima

Omba barua ya kukataliwa inayotaja kifungu kilichotumika. Kukataliwa kwingi hutokana na karatasi iliyokosekana: ripoti ya kipimo, rufaa, au maelezo ya dalili. Ambatisha kinachopungua, mwombe daktari aandike barua fupi ya kueleza ulazima wa tiba, na ukate rufaa ndani ya muda uliowekwa.

Anayejilipia aanze na kipimo cha nyumbani, kisha aulize kukodisha mashine kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kununua. Hospitali nyingi hukubali malipo ya awamu zikiombwa kabla ya huduma, na hazipendi sana kuombwa baada yake. Mashine iliyotumika huokoa fedha, lakini iangaliwe kwa makini: hakikisha saa ilizotumika zinaonekana, nunua kinyago, bomba na kichujio vipya, na mwachie daktari kuweka shinikizo. Linganisha modeli na namba yake ya utambulisho na orodha za mashine zilizorudishwa kiwandani, kwa sababu Juni 2021 Philips ilitangaza kuwaondolea watumiaji mamilioni ya mashine zake, baada ya kugundulika kuwa sponji ya kupunguza sauti iliyo ndani inaweza kumeng'enyuka na vumbi lake kuvutwa na mgonjwa. Baadhi yake zingali zinazunguka katika masoko ya vitu vilivyotumika.

Hatua ya tisa: Pimwa tena

Sauti kukoma si ushahidi kuwa pumzi imetengemaa. Anayetumia kifaa cha taya kwa ajili ya kukatika kwa pumzi arudie kipimo akiwa amekivaa, baada ya kurekebishwa kikamilifu. Aliyefanyiwa upasuaji apimwe miezi michache baada ya kupona. Na aliyepungua au kuongezeka uzito kwa kiasi kikubwa aulize kama shinikizo la mashine bado linamfaa. Mtumiaji wa CPAP anaweza kusoma AHI inayobaki kwenye kumbukumbu za mashine yake, na ikikaa juu ya 5 kwa wiki kadhaa, aangalie kwanza kama kinyago kinavuja. Hifadhi ripoti ya kipimo cha kwanza mahali salama pamoja na hizi za baadaye: mashine itakapochakaa na ukahitaji nyingine, au ukihamia bima mpya, hiyo ndiyo karatasi utakayoulizwa, na asiye nayo mara nyingi hulazimika kulala tena kliniki kwa gharama yake.